Hewa ya Lori la Marcelino

Siku hizi alfajiri, pale maegesho ya Kinyanambo, Mafinga, malori yanawashwa bila tangazo. Injini zinanguruma kama kawaida, dizeli haijawahi kujifunza kunong'ona, lakini kuna sauti moja haipo. Hakuna mtu anayeshusha kioo, kabla hata ya kuwapa wenzake salamu, akapiga kelele: "Hewa inaingia na nyuzi kumi na tisa! Leo tunapanda kama swala!" Ukungu unatoka kwenye miti ya misindano ya Sao Hill, unashuka mpaka kwenye matairi. Mama wa chai anapuliza makaa. Madereva wanasugua viganja, na hewa inaingia ndani ya injini za watu ikiwa na joto lolote inalolitaka, haiulizwi na mtu. Tulikuwa tunaomba anyamaze. Amenyamaza. Sasa tunakunywa chai tukitazama sehemu aliyokuwa anaegesha, na hakuna aliye tayari kukiri kwamba anaikumbuka ile kelele.

Jina lake Sedekia. Mnyakyusa wa Igawilo, Mbeya, mwenye shingo fupi, sweta la kijani alilofumiwa na mkewe Bertha, na mdomo usiofungwa breki. Wapo watu wanaofanya kazi vizuri na kukaa kimya. Sedekia alikuwa na nusu ya sifa hiyo. Alibeba nguzo za umeme kutoka Mafinga kwenda Uyole, na mara nyingine kushuka nazo hadi Tukuyu, na njia nzima alimweleza utingo wake mambo ambayo utingo aliyajua kabla Sedekia hajapata leseni. Utingo huyo alikuwa mzee Kasian, Mbena wa makamo, mtu wa maneno machache, ambaye Mungu alimpa masikio makubwa labda kwa kujua ataajiriwa wapi.

Lori halikuwa lake. Lilikuwa la Marcelino, mfanyabiashara wa Kihesa, Iringa. Marcelino alikuwa mtu mwema sana, kama walivyo wote waliokwisha kufa. Alipokuwa hai alikuwa na tabia ya kupanda lori lake mwenyewe, kukaa katikati ya dereva na utingo, na kumwambia Sedekia lini abadilishe gia. Alimfokea mkewe Verediana kwa kufungua dirisha na kwa kulifunga. Alipoanguka kwa shinikizo la damu na kufariki, Kihesa nzima iligundua kwa pamoja kwamba alikuwa mpole.

Ilipofika misa ya kumbukumbu ya mwaka, ukoo ukachapisha picha yake kwenye turubai la plastiki. Ilikuwa picha kubwa. Marcelino ndani ya suti, anatazama mbele kwa ule uso wa mtu anayesubiri kurudishiwa chenji, na chini yake maandishi mekundu: MARCELINO, SAFARI INAENDELEA. Baada ya misa na pilau ukazuka mjadala wa mahali pa kuiweka. Anord, mdogo wake marehemu na mwenyekiti wa jumuiya, alitaka itundikwe ukutani nyumbani. Verediana alitaka ibandikwe ubavuni mwa lori, karibu na mlango. Ndipo Sedekia, ambaye hakuna mtu aliyekuwa amemuuliza, akasimama na sahani yake mkononi.

"Mama, samahani," akasema. "Mzee hakuwa mtu wa pembeni. Huyu anakaa mbele."

Watu wakapiga makofi. Shangazi mmoja akalia upya. Sedekia mwenyewe ndiye aliyeifunga, kwa kamba za manila, kona kwa kona, juu ya ule wavu wa mbele wa lori ambao mafundi wanauita shoo. Ilienea vizuri, kana kwamba lori lilipimwa na fundi cherehani. Kuanzia chini ya kioo hadi juu ya bampa ilikuwa ni Marcelino tu.

Ulikuwa mwezi wa tano, na baridi ilikuwa inaingia. Hapa lazima nieleze kitu kuhusu sisi watu wa nyanda hizi. Tuna imani moja ambayo haikuletwa na mmisionari yeyote, wa Kilutheri wala wa Kikatoliki: kila kitu lazima kifunikwe. Mtoto anafunikwa, chungu kinafunikwa, viazi vinafunikwa, mgonjwa anafunikwa mpaka anapona ili tu apate kupumua. Ikifika Juni, dereva wa Makambako anachukua boksi na kuliziba mbele ya rejeta, kwa sababu injini nayo ina kifua. Kwa hiyo lori lililofunikwa uso halikumshangaza mtu. Kinyume chake, wenzake walimwambia Sedekia kwamba marehemu, hata huko aliko, bado anaikinga mali yake na baridi. Ilikuwa fikra nzuri. Tatizo la fikra nzuri ni kwamba lori halizisikii.

Lori likaanza kuchoka.

Halikuharibika, lingeharibika, watu wangejua la kufanya. Lilichoka tu, kama mtu aliyepewa habari mbaya. Tambarare lilikwenda. Likiuona mlima, linatoa moshi mweusi na kuomba gia ndogo. Mlima Nyoka, ile kona baada ya kona kabla ya Uyole, ambao zamani Sedekia aliupanda akiimba, sasa aliupanda huku akina mama wenye ndoo za parachichi wakimpita kwa miguu na kumpa pole. Mshale wa joto la maji ulikaa katikati, mpole, unadanganya. Nguzo zilichelewa. Wenye yadi ya Uyole wakapiga simu Kihesa, wakapiga tena.

Fundi Lutengano, ambaye pale Mafinga tulimwita daktari wa dizeli, hasa yeye mwenyewe, akabadilisha nozeli. Halafu akabadilisha filta. Halafu akafungua pampu, akaitazama kwa huzuni, akaifunga. "Gari lina majonzi," akasema mwishoni, akifuta mikono. "Limempoteza mwenyewe." Akapokea chake. Anord akaleta jumuiya nzima, wakalizunguka lori na kusali rozari, matendo ya uchungu, ambayo kwa kweli yaliendana na hali. Hakuna aliyesimama mbali na ule uso. Wote walisali wakiwa wanautazama.

Maombi yaliposhindwa, likabaki jambo moja ambalo kwa kawaida hutangulia: kumtuhumu dereva. Anord alilisema kwenye kiti cha sebuleni Kihesa, mbele ya Sedekia, huku akimwangalia shemeji yake.

"Lori haliwezi kuchoka lenyewe. Kinachochoka ni dizeli, inashuka njiani."

"Mzee Anord, mimi nimelishika lori hili tangu lina plastiki kwenye viti," Sedekia akasema. "Niibe leo?"

"Mwizi naye huwa ana siku yake ya kwanza."

Verediana alikuwa mwanamke mrefu, mtaratibu, aliyekuwa amezoea kuzungumza baada ya wanaume kuchoka. Alisubiri wachoke. Halafu akasema, "Sedekia, sikuiti mwizi. Lakini lile lori ndilo linalolisha nyumba hii. Nakupa mpaka Noeli. Likiendelea hivi, naliegesha, na wewe utafute kwingine. Usinione mbaya."

"Ndiyo, mama."

"Na shemeji akilisimamisha, atakuwa amefanya vizuri," Anord akaongeza. "Lile gari ni ugonjwa. Mimi hata mkinipa bure silitaki."

Kwa hiyo mambo yalikuwa wazi. Sedekia alikuwa na miaka hamsini kasoro, macho yanayoanza kusogeza maandishi mbali, na kiti kimoja duniani kilichokuwa kimeshika umbo lake. Hakuna tajiri anayemtafuta dereva wa umri huo, tena aliyeachishwa kwa harufu ya wizi. Ama lori lipande mlima, au yeye arudi Igawilo kukaa na vifaranga anaowafuga Bertha.

Vifaranga ndio waliomwokoa, kwa muda. Usiku mmoja, akiwa nyumbani Igawilo, alikuwa anaangalia kwenye simu video za watu wa ng'ambo, wale wenye nafasi ya kushindanisha malori kwa raha, na mmoja wao akawa anaeleza kwamba tabo, ile feni inayoisukumia injini hewa kwa nguvu, huipasha hewa moto inapoibana. Hewa ya moto ni nyepesi, haishibishi. Ndiyo maana kuna intakula, lile sega la bati lililokaa mbele ya rejeta, ambalo kazi yake ni kuipoza hewa kabla haijaingia. Usikisie gizani, alisema yule mtu kwa lugha yake, pima. Sedekia alielewa robo, na robo ya Sedekia inatosha kuhutubia mkutano.

Asubuhi yake akaingia kwenye banda la Bertha na kutoka na kipimajoto, kile kidogo cha betri chenye waya mrefu.

"Baba, hicho ni cha vifaranga," Bertha akasema kutoka jikoni.

"Nakiazima."

"Na wao watajuaje kama wana baridi?"

"Watalia. Lori halilii, mke wangu, ndiyo shida yake."

Waya akaufunga kwa utepe kwenye bomba linaloingiza hewa kwenye injini, akaupitisha chini ya sakafu, kile kidude akakibandika kwenye dashibodi pembeni ya rozari ya marehemu. Kuanzia siku hiyo hatukuwa na amani. Kila tulipokutana, Makambako, Igawa, Chimala, tulipewa joto la hewa kabla ya habari za nyumbani. Tukamwita naye daktari. "Daktari, mgonjwa ana homa leo?" "Sedekia, nipime na mimi, nina mafua!" Yeye hakujali. Mtu aliyeanza kupima anaamini amekwisha kutibu.

Mgonjwa alikuwa na homa kweli. Kwenye baridi ya Mafinga, ambako maji ya ndoo yanauma vidole, hewa iliingia kwenye injini ikiwa na joto la chai. Mlima Nyoka kile kidude kilipita themanini na kuendelea. Yule mtu wa video alikuwa amesema ikipita sitini kuna tatizo.

Ndipo ikaanza kazi ya kuishusha. Alinunua barafu kwa wauza soda wa Igurusi, akalifunga kwenye kiroba na kulikandamiza juu ya bomba. Likayeyuka kabla ya kona ya kwanza na kulowesha mkanda wa feni, nao ukapiga kelele kama paka mpaka Uyole. Alitoboa kopo la maji na kulipitishia mpira, akamtaka mzee Kasian aliminye kila mlima ukikaribia. Kasian aliliminya kwa uaminifu, na maji yote yakaingia kwenye kiatu chake mwenyewe. Mwisho akarudi kwenye hekima ya kwao. Alikata majani ya mgomba nyumbani Igawilo, safari iliyofuata akayalowesha na kulifunga bomba zima, tabaka juu ya tabaka, kama mtu anayevundika ndizi.

Wakiwa katikati ya mlima, harufu ikajaa kwenye kebini.

"Nini hiyo?" Sedekia akauliza.

"Majani," Kasian akasema. "Ungeweka na kande humo, Uyole tungekuta zimeiva."

"Cheka tu. Joto limeshuka."

"Limeshuka ngapi?"

Sedekia akatazama kidude. "Moja."

"Ndaga," Kasian akasema, kwa Kinyakyusa, ili pongezi hizo zimfike vizuri.

Ikafika Oktoba, na bonde la Usangu likawa linawaka. Siku hiyo walitoka Mafinga na nguzo za Tukuyu. Makambako, mji ambao upepo wake huwa unatafuta kitu cha kubeba, ulikata kamba mbili za turubai. Uso wa Marcelino ukajikunja upande mmoja na kubaki unapepea ubavuni. Sedekia hakusimama, alikuwa anahubiri habari za majani mapya ya mgomba, ambayo safari hii aliyafunga mara mbili. Ilipofika ile miinuko ya baada ya Igawa, lori likapanda. Moshi haukuonekana. Kidude kilisoma hamsini na kitu.

"Umeona?" Sedekia akapiga usukani. "Umeona, Kasian? Mgomba! Wazungu hawana mgomba, ndiyo maana wanahangaika!"

Kwa furaha akasimama Chimala kunywa soda. Hapo ndipo alipoona kamba zimekatika, na kwa heshima yote aliyokuwa nayo kwa bosi wake akatafuta kamba mpya, akamnyoosha marehemu, akamfunga imara kuliko mwanzo, akamfuta na vumbi usoni. Wakaondoka. Kabla ya Igurusi joto lilikuwa sabini. Inyala likawa themanini na tano, na lori likaanza kuomba gia.

Sedekia alitazama kidude. Akakigonga kwa kidole. Akatazama mbele.

"Suka," Kasian akasema taratibu, kama utingo anavyomwita dereva wake.

"Nini?"

"Marehemu."

"Marehemu kafanya nini?"

"Kakaa mbele."

Kilomita zilizobaki hadi Uyole Sedekia hakusema neno. Mzee Kasian anasema katika miaka yote ya kazi yao hiyo ndiyo safari aliyopumzika.

Unaweza kudhani mambo yaliishia hapo: mtu kajua ugonjwa, kaondoa kinachouleta, basi. Hivyo ndivyo anavyofikiri mtu asiyewahi kukaa sebule moja na ukoo wenye msiba. Nani aende Kihesa amwambie mjane kwamba uso wa mumewe unalinyonga lori? Nani amwambie Anord kwamba walisali rozari wakiwa wanakitazama kile walichokuwa wanaomba kiondoke? Na nani aongeze kwamba aliyependekeza marehemu akae mbele alikuwa yeye, na sahani ya pilau mkononi?

Kwa hiyo Sedekia akafanya wanavyofanya watu wenye adabu: akatafuta njia ya kuficha. Kila walipofika mguuni mwa mlima, wakasimama. Kasian akafungua kamba za kushoto, Sedekia za kulia, wakamkunja Marcelino kwa uangalifu na kumlaza kwenye kitanda cha nyuma ya viti. Wakapanda mlima kwa kicheko. Juu wakasimama tena, wakamtoa, wakamvika lori, wakaingia Uyole wakiwa na msiba wao kamili. Nguzo zikaanza kufika kwa wakati. Simu za yadi zikakoma. Noeli ikaonekana kama siku ya kula tu.

Barabara kuu ya Zambia si mahali pa siri. Mtu fulani ndani ya basi la Iringa akawaona wakiwa wamemshika Marcelino miguu na kichwa, akapiga picha. Ilifika kwenye kundi la simu la jumuiya kabla basi halijafika Makambako. Anord akaandika chini yake: "Dereva anamvua kaka yangu hadharani."

Sedekia akaitwa. Sebule ilikuwa imejaa.

"Kamwene," akawasalimu kwa Kihehe, kwa unyenyekevu aliouazima njiani.

"Kaa," Anord akasema. "Tueleze. Ni uganga gani huo? Unamlaza marehemu kitandani, unapanda naye mlima, unamwamsha? Unatoa nguvu zake?"

"Si uganga, mzee. Ni hewa."

"Hewa."

"Intakula iko nyuma ya picha. Picha inaziba. Hewa haipoi. Joto linafika tisini, nina kipimajoto."

"Cha hospitali?"

"Cha vifaranga."

Sebule ikacheka, kicheko kile cha watu waliokuja kuhukumu na wakapewa burudani juu yake. Anord akasubiri kiishe. "Kwa hiyo unasema kaka yangu, aliyelinunua lori, ndiye anayelizuia lori."

Sedekia akatazama sakafu. Hakuna jibu la adabu kwa swali hilo, na lile la kweli lilikuwa fupi mno. "Picha yake, mzee," akasema.

Wakaanza kuzungumza wote kwa pamoja. Mmoja akasema afukuzwe siku hiyo hiyo, mwingine akataka aombe radhi kanisani kwanza, halafu afukuzwe. Verediana akasubiri wachoke. Ilichukua muda, maana walikuwa wamekula.

"Kesho kutwa kuna mzigo," akasema. "Nitapanda mwenyewe nione."

"Shemeji, utakaa kwenye lori?"

"Marcelino alikaa. Kiti kipo."

Alikuja Mafinga amevaa kitenge cha msiba na sweta mbili, amebeba chupa ya chai. Alikaa katikati, mahali pa mumewe. Sedekia akamkabidhi kile kidude mkononi, akamweleza asome mwenyewe, akawasha injini. Walipita Makambako, wakashuka Usangu. Walipoanza Mlima Nyoka, Marcelino akiwa amefungwa kona zote nne, Verediana akawa anasoma kwa sauti ya mtu anayesoma litania.

"Sabini na tano. Themanini. Themanini na sita. Sedekia, mbona tunasimama?"

"Hatusimami, mama. Tunapanda."

Mama mmoja mwenye ndoo akawapita kwa miguu. Akapunga mkono.

"Egesha," Verediana akasema.

Katikati ya mlima, na tani zote zile mgongoni, dereva yeyote angekataa. Sedekia akaegesha palipopanuka, Kasian akaweka mawe nyuma ya matairi. Verediana akashuka. Hakutaka kusaidiwa. Alifungua kamba mwenyewe, moja moja, akiwa uso kwa uso na mumewe, na hakuharakisha. Ile ya mwisho, iliyokuwa na fundo la Sedekia, ilimchukua muda. Walipanda tena. Lori likatikisika, likang'oka mahali lilipolala, likaingia gia ya pili, ya tatu.

"Sabini," Verediana akasoma. "Sitini na mbili. Hamsini na nne." Akainua macho. Misitu ilikuwa inapita dirishani kwa kasi ambayo hakuitegemea. Yule mama wa ndoo wakamkuta kwenye kona ya juu, wakamwacha.

Verediana akatazama lile turubai lililokunjwa mapajani mwake.

"Hata alipokuwa hai alikuwa hivi hivi," akasema. "Anasimama mlangoni, nyumba nzima haipati hewa."

Kasian akageuka kuangalia nje. Sedekia akauma mdomo. Kisha Verediana mwenyewe akaanza kucheka, akacheka mpaka sweta zote mbili zikatikisika, na mahali fulani katikati ya kicheko hicho akawa analia, na hakuna aliyeweza kusema ni wapi kimoja kiliishia na kingine kikaanza. Alimimina chai, akawapa wote wawili kwenye kifuniko kimoja. "Usimfunge tena," akamwambia Sedekia walipofika Uyole. Picha akarudi nayo Kihesa kwa basi, akaitundika ukutani sebuleni, pale pale Anord alipotaka tangu mwanzo. Anord hakushukuru.

Novemba yote lori lilipanda kama lilivyopanda siku za ujana wake. Sedekia alikuwa hakamatiki. Alitangaza joto la hewa kwa watu wa mizani, kwa askari wa barabarani, kwa wachungaji wa ng'ombe. Yadi ya Uyole ikamwongezea Verediana mzigo. Habari zilienea kwamba lile gari la ugonjwa limepona, na habari njema zina ubaya wake: zinafika hata kwa watu wa karibu.

Anord alikumbuka kwamba lori lilikuwa la kaka yake. Akakumbuka kwamba kijana wake Philbert ana leseni, tena mpya kabisa, haijachakaa kwa matumizi. Wiki mbili kabla ya Noeli kikafanyika kikao cha ukoo, na ukoo, baada ya sala ya kufungua na kabla ya sala ya kufunga, ukaona si vizuri mali ya marehemu kushikwa na mtu baki.

Verediana alikwenda Mafinga mwenyewe kumwambia. Hilo nalo liandikwe, maana angeweza kupiga simu.

"Wamesema liendeshwe na mtoto wa nyumbani," akasema.

"Na wewe, mama, umesemaje?"

Akaweka sawa kitenge chake. "Nyumba ninayolala iko kwenye kiwanja chao, Sedekia."

Sedekia akaitikia kwa kichwa. Waliachana pale karibu na mama wa chai, Sedekia akamshika mkono kwa mikono miwili, kama wanavyofanya watu wa kwao kwa mtu mkubwa.

Siku ya kukabidhi, Philbert alikuja na miwani ya jua na spika kubwa ya muziki. Sedekia alimwonyesha gia inayoteleza, breki inayohitaji kupigwa mara mbili, tairi la akiba. Kisha akamwonyesha kile kidude.

"Hiki kinaonyesha joto la hewa, mwanangu."

"Ya nje?"

"Inayoingia."

"Si nitafungua dirisha, baba mdogo," Philbert akasema kwa upole wa kweli, na akaanza kuung'oa ule waya ili apate mahali pa kupitishia wa spika.

Sedekia alimsaidia kuung'oa. Aliuzungusha mkononi, akautia mfukoni pamoja na kidude chake, akamuaga mzee Kasian, ambaye naye aliendelea na lori hilo kwa wiki chache tu kisha akarudi Njombe kulima. Sisi tuliokuwa pale tulitania kidogo, tukauliza homa ngapi leo, daktari. Akaendelea kutazama barabara. Tukadhani kakasirika. Labda alikuwa anatafuta basi.

Sedekia sasa yuko Igowole, si mbali na Mafinga, kwenye mashamba ya chai. Anaendesha kilori cha kukusanya majani mabichi ya chai, cha zamani, kisicho na tabo wala joto la hewa la kutangaza, kutoka mashambani hadi kiwandani, na Igawilo kwa Bertha anakwenda mwisho wa mwezi.